Hiyo saa ya bibi msiisugue

Swali: Shikamoo Fundi. Bibi yetu amefariki na katuachia saa ya mezani ya Kifaransa, ya rangi ya dhahabu, ndani ya kuba la kioo. Juu yake kijana na msichana wamekaa kwenye mwamba, msichana ana ndege mkononi, na kitako chake ni cheupe kama marumaru. Bibi alikuja nayo kutoka Unguja alipohamia Maskati. Mwezi ujao tuna harusi, na mjomba anataka kuisugua kwa dawa ya kung'arishia shaba ili tuiweke ukumbini. Muuza vitu vya kale mmoja huku amesema ni "ya Napoleon" na anaitaka. Je, ni dhahabu kweli? Ni ya Napoleon kweli? Tuisafishe vipi? La mwisho: inatembea vizuri lakini haigongi sawa. Akrabu ikifika VII inagonga mara moja, ikifika XII inagonga mara sita. Tumwite fundi airekebishe? Nimekutumia picha sita. (Mjukuu, Maskati)

Jibu: Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu bibi. Nianze na mjomba, kwa sababu harusi haisubiri majibu marefu: mwambieni aiweke chini chupa yake. Saa hiyo isisuguliwe kwa dawa ya shaba, wala kwa ndimu na majivu, wala kwa ukwaju, wala kwa dawa ya meno ambayo siku hizi watu wanafundishana kwenye simu. Namwelewa mjomba. Sisi watu wa pwani tumelelewa na shaba za kusugua: masinia, mabirika, njumu za milango. Lakini sinia ni shaba mpaka ndani; ukilisugua mwaka huu, mwaka ujao utaikuta shaba ileile inakungoja. Rangi ya saa yenu ni ngozi tu, tena nyembamba kuliko karatasi. Dawa ya chupa ina unga mkali unaokwangua. Itaondoa uchafu na dhahabu kwa pamoja, na kitakachowatazama wageni siku ya harusi ni kile kilichokuwa chini.

Na kilicho chini nimeshakiona. Angalia tena picha yako ya nne, ile ya goti la kijana. Kwenye ncha ya goti, ambapo kila anayeinua kuba hugusa, dhahabu imekwisha na panaonekana kijivu, kijivu cha ndoo kuukuu. Kidole gumba cha mguu vilevile, na mdomo wa ndege. Bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, ikichubuka chini ya dhahabu huonyesha manjano au wekundu wa kahawia. Kijivu ni zinki. Kwa hiyo dhahabu ipo kweli, ila ni ya kuchovya, na mwili ulioibeba ni wa zinki. Ukitaka kuhakikisha bila kukwangua kitu, mgonge kijana mgongoni taratibu kwa ukucha. Bronzi hulia kama kengele ndogo. Zinki hutoa sauti fupi, kama umegonga debe lenye unga.

Hapo wengi huvunjika moyo, na kabla hujafika huko nikueleze zile saa za bronzi zilikuwaje, maana bila hizo hii yenu haieleweki.

Saa za makasri ya Ufaransa, za karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, zilipakwa dhahabu kwa moto. Mtu wa Geita au Migori hahitaji kuelezwa sana, maana ni kemia ileile ya mchimbaji mdogo. Dhahabu husagwa na kuchanganywa na zebaki mpaka iwe uji mzito kama siagi. Uji ule hupakwa juu ya bronzi kwa brashi ya nyaya za shaba, kisha kitu chote hushikwa juu ya makaa. Zebaki ikifika nyuzi 357 inachemka na kuondoka kwa mvuke, dhahabu inabaki imeng'ang'ania. Mchimbaji wetu anachoma ili aondoke na dhahabu, fundi wa Paris alichoma ili aiache palepale. Lakini mvuke ni ule ule na ugonjwa ni ule ule: mikono kutetemeka, meno kulegea, akili kuyumba. Wengi wao hawakuuona uzee. Mmoja wa wenye karakana kubwa za bronzi wa wakati huo, Antoine-André Ravrio, alipofariki mwaka 1814 aliacha katika wosia faranga 3,000 ziwe zawadi ya atakayebuni njia ya kuwaokoa mafundi na zebaki. Mkemia d'Arcet aliipata mwaka 1818 kwa tanuri lenye dohani iliyovuta mvuke juu, mbali na uso wa fundi. Tajiri aliyeuza dhahabu ile maisha yake yote alijua vizuri inalipiwa na nani.

Baada ya moto dhahabu hutoka imefifia, kama unga. Hapo ndipo ufundi wa macho unaanza. Sehemu fulani huachwa hivyohivyo, bila mng'ao; nyingine husuguliwa kwa kijiti chenye jiwe la akiki kwenye ncha mpaka ziwake. Nguo inafifia, ukingo wake unawaka. Shavu linafifia, mkufu unawaka. Mshumaa ukiwashwa mbele yake, umbo zima linaonekana kama linapumua. Mtu akija na dawa ya chupa akang'arisha kila mahali sawasawa, hata kama dhahabu haikwisha, mchezo ule umekufa. Nimewahi kuletewa saa ya bronzi iliyofanyiwa hivyo kwa miaka mingi na mfanyakazi wa nyumbani mwenye bidii. Nzuri, safi, na bapa kama sahani.

Zinki haiwezi kupita njia hiyo, kwa sababu zebaki inaingia ndani yake na kuiharibu. Ilibidi kwanza umeme uje. Elkington wa Birmingham, Uingereza, alipata hataza ya kuchovya dhahabu kwa umeme mwaka 1840, na mwaka 1842 Christofle wa Paris akanunua haki ya kuitumia Ufaransa. Sasa zinki, inayoyeyuka upesi na kusubiwa kwa gharama ndogo, ikaweza kuvaa dhahabu. Daktari wa mji mdogo, mwenye duka, nahodha, wote wakaweza kuwa na saa iliyofanana, ukiitazama kutoka mlangoni, na ya mfalme. Yenu imezaliwa hapo.

Tukija kwa Napoleon, yule mfanyabiashara hakusema uongo. Amesema nusu. Picha ya sita, nyuma ya saa, mlango mdogo ukiwa wazi, inaonyesha muhuri wa mviringo kwenye bamba la mashine: Japy Frères, na mwaka 1855, na maneno ya medali kubwa ya heshima. Hiyo ni medali ya maonyesho ya Paris ya mwaka huo. Mashine haiwezi kujisifia medali kabla haijaipata, kwa hiyo saa yenu ni ya baada ya 1855. Napoleon Bonaparte alishindwa moja kwa moja mwaka 1815 na akafa 1821. Aliyekuwa kwenye kiti miaka hiyo ni mtoto wa ndugu yake, Napoleon III, mfalme mkuu tangu 1852 hadi 1870. Napoleon ndiyo, ila siyo yule mnayemdhania, na bei yake siyo ile.

Hata umbo linasema hivyo. Wakati wa Napoleon wa kwanza, mafundi kama Pierre-Philippe Thomire walipenda mistari iliyonyooka, miungu ya Kigiriki na Kirumi, magari ya farasi ambayo gurudumu lake ndiyo uso wa saa, tai na mashada ya ushindi. Watoto wawili wenye ndege juu ya mwamba, na majani yanayojikunja kila upande, ni watu wa mjini wa miaka ya 1860 wakiota shamba ambalo hawajawahi kulilima.

Na hao Japy usiwadharau. Ni ukoo wa Beaucourt, karibu na mpaka wa Uswisi. Frédéric Japy alianza huko katika karne ya 18 kutengeneza mashine za saa kwa mitambo badala ya mikono mitupu, na wanawe wakaendelea. Baadaye walitengeneza mpaka vinu vya kusagia kahawa. Mashine zilikwenda Paris kwa maelfu, zikavalishwa maumbo huko. Ndiyo maana ukikuta usoni jina la mtu na neno "Paris", mara nyingi huyo ni mwenye duka. Muhuri wa nyuma ndio wa kuaminiwa. Chini ya umbo nako mulika kwa tochi. Ukikuta PH MOUREY na namba, huyo ni Philippe Mourey, mmoja wa mafundi wa zinki wanaoheshimika, na itakuwa habari njema.

Utauliza kwa nini watu walijisumbua hivi kwa kitu cha kutazamia saa. Kwa sababu hakikuwa kwanza cha kutazamia saa. Chumba cha kupokelea wageni cha Kifaransa kilikuwa na meko ukutani, juu ya meko rafu ya marumaru, juu ya rafu kioo kikubwa. Kila aliyeingia alitazama pale. Saa ilikaa katikati, kushoto na kulia vinara viwili vya mishumaa au vyombo viwili vya maua vya umbo lake, na kioo kikazidisha kila kitu mara mbili. Waliita vyote pamoja garnitia. Kama bibi alikuwa na vinara viwili vya namna hiyo vilivyogawiwa kwa shangazi fulani, viulizieni kwa upole. Vikirudi pamoja thamani yake inapanda kuliko mkivihesabu kimoja kimoja.

Na mpaka 1791, vyama vya mafundi vilipofutwa na mapinduzi, kazi hii ilikuwa imegawanywa kisheria. Fundi saa alitengeneza mashine. Bronzi ilikuwa ya wengine, na huko nako kwa muda mrefu anayesubu na kutia nakshi alikuwa wa chama kimoja, anayepaka dhahabu wa kingine. Umbo likitoka kwenye kalibu huwa gumu, butu, lenye mabaka. Mwenye nakshi ndiye aliyekaa nalo siku nyingi, na vitindo vidogo na nyundo nyepesi, akifungua unywele mmoja mmoja. Hapo ndipo pesa ilipokwenda. Chukua kioo cha kukuzia utazame bawa la ndege wa msichana wenu. Utaona manyoya yapo, lakini kingo zake zimelainika kama sabuni iliyotumika siku mbili. Limetoka hivyo kwenye kalibu, tindo haikupita, au imepita mara moja kwa haraka. Uso wa msichana lakini wamemshughulikia: nyusi na kope zimekatwa kwa mkono. Fundi alijua mteja ataangalia wapi.

Kwa kuwa bibi alitoka kwetu pwani, kuna jambo siwezi kulipita. Ukianza kufuatilia saa hizi utakutana na Waafrika. Mwaka 1784 fundi Furet wa Paris alitengeneza saa yenye umbo la mwanamke Mweusi aliyevaa vito. Ukivuta hereni yake, jicho moja linaonyesha saa na jingine dakika. Mwaka 1799 Jean-Simon Deverberie alisajili michoro ya saa mbili, "Amerika" na "Afrika", kila moja mwanamke mwindaji mwenye upinde, ngozi yake bronzi iliyotiwa rangi nyeusi, mapambo yake dhahabu, weupe wa macho enameli, yaani rangi ya kioo kilichoyeyushwa juu ya madini. Wengine walitengeneza mabaharia na wachukuzi wenye marobota. Tazama miaka: Ufaransa ilifuta utumwa 1794, Napoleon akaurudisha 1802. Saa za Deverberie zimezaliwa katikati ya miaka hiyo, zikimsifu "mtu wa porini mwema" huku sukari na kahawa ya mezani ikitoka kwa mikono yake. Jumba la makumbusho la François Duesberg, mjini Mons, Ubelgiji, lina mkusanyiko mkubwa wa saa za aina hii. Ufundi wake ni wa juu sana. Mimi hutazama kazi ya mikono, kisha nikafika kwenye yale macho ya enameli na nikakosa raha. Sikushauri umdharau anayezipenda, wala sikushauri ununue moja kwa sababu tu mwuzaji amekwambia "hii ni Afrika".

Turudi kwenye meza yenu. Kusafisha ni hivi. Inua kuba mkiwa wawili, kioo hicho hakina mbadala wa karibu. Chukua brashi laini kavu ya kujipaka poda, mpya, na mpulizo wa mkono wa kusafishia kamera ukiupata. Ondoa vumbi kutoka juu kwenda chini, bila kukandamiza, na usipite pale palipochubuka. Basi. Ukiona mabaka ya kijani au unga mweupe kwenye zinki, piga picha uache; huyo ni mgonjwa wa mtaalamu. Usipake rangi ya dhahabu ya kopo kwenye goti. Na usimpe sonara aichovye upya, hata akikuhakikishia itakuwa mpya. Itakuwa mpya kweli, na hapo itakuwa imeacha kuwa ya miaka ya 1860.

Kitako cheupe ndicho kinachonitia hofu zaidi. Umesema kama marumaru, lakini picha ya pili inaonyesha mwanga unapenya ukingoni na pana mikwaruzo ya kucha. Hiyo ni alabasta, jiwe la jamii ya jasi, na maji huiyeyusha. Nilipokuwa kijana kazini nilifuta kitako kama hicho kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu na sabuni, kwa nia njema kabisa. Kilipokauka mng'ao wote ulikuwa umeondoka, kimekuwa kama chaki, na bwana wangu hakunisemesha siku mbili. Kwa hiyo hakuna maji, hakuna kitambaa chenye unyevu, na siku ya harusi hakuna glasi ya sharubati karibu nayo.

Kuihamisha: kwanza mng'oe pendulamu na kengele kwa nyuma, zifungwe kwenye kitambaa. Ibebwe kwa kushika kitako chini kwa mikono miwili, isishikwe kamwe kwa kichwa cha kijana. Zinki haipindi, inakatika. Ikae mbali na upepo wa kiyoyozi. Pendulamu yenu imening'inia kwa uzi wa hariri, naona kwenye picha ya tano, na hariri hunywa unyevu na kurefuka. Ndiyo maana huenda mmeona inachelewa kidogo msipowasha kiyoyozi. Ukipoteza pendulamu usikate tamaa. Zile namba mbili zilizopigwa chini ya bamba la nyuma, 5 na 3, ni urefu wake kwa inchi za kizamani za Kifaransa na laini (vipande vidogo vya inchi hiyo), kama milimita 142.

Bei sitaitaja, kwa sababu sijaishika kwa mikono yangu. Nitasema tu kwamba kuba la asili, mashine inayotembea na dhahabu isiyosuguliwa ndivyo vitu vitatu ambavyo mnunuzi anavitafuta, na mnavyo vyote. Yule bwana anavijua.

Sasa kugonga. Nilipofika hapo kwenye barua yako nilicheka peke yangu karakanani. Soma tena ulivyoandika: kwenye VII mara moja, kwenye XII mara sita. Tofauti ni sita kamili, haizidi wala haipungui. Mashine hizi za Japy za zamani hazihesabu migongo kwa kutazama akrabu. Nyuma, chini ya kengele, kuna gurudumu lenye makato yanayozidi kuachana kadiri linavyozunguka. Linagonga moja, kisha mbili, kisha tatu, mpaka kumi na mbili, na nusu saa mara moja, kwa zamu, bila kujua uso unasema nini. Akrabu fupi imebanwa tu kwenye shina lake. Mtu akiizungusha kwa kidole peke yake, inaachana na kengele na hawakutani tena. Ajali ingeleta tofauti yoyote, mbili, tano, tisa. Na VII kwa Wazungu, mwanangu, ni saa ngapi asubuhi nyumbani kwa bibi?

Saa moja. Na ikagonga moja. Saa sita mchana ikagonga sita. Uso aliuacha kwa ajili ya redio na safari za ndege na wageni, kengele akaiweka Kiswahili kwa ajili ya nyumba. Huko Unguja si jambo la ajabu. Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, alipochapisha kumbukumbu zake mwaka 1886 alitaja jinsi nyumba za wakubwa zilivyopenda saa na kuzipanga juu na pembeni ya vioo. Wenye saa hizo waliishi kwa saa za magharibi na alfajiri, si za Paris.

Kwa hiyo fundi akija na kusema gurudumu la kugonga limepotea njia, mpeni chai. Mkitaka wenyewe ligonge Kizungu, akrabu fupi isukumwe taratibu mpaka kwenye namba iliyogongwa mwisho, kisha ile ndefu izungushwe mbele tu mpaka saa ya kweli, mkiiacha igonge kila inapofika nusu na kamili. Lakini kabla hamjaamua, muulizeni mkubwa yeyote aliyekaa na bibi: alikuwa akiitia ufunguo siku gani? Tundu la kushoto ni la kengele, la kulia la mwendo. Kamani zizungushwe siku hiyo hiyo kila wiki, mpaka zikaze, bila nguvu. Na unitumie picha ya chini ya umbo.